Edwin Hubble na waliomshikia taa

Tangu mwaka 1990, Wamarekani waliporusha angani ile darubini yao kubwa, jina la Hubble limekuwa likitajwa magazetini na redioni kama jina la chombo. Wengi wamezijua picha zake za rangi, na ni wachache waliojua kwamba kabla ya chombo palikuwa na mtu wa jina hilo, mtu aliyekula na kulala, akavuta kiko, akafuga paka, na akapenda sifa kuliko ilivyompasa. Nataka leo tumzungumze mtu huyo. Maisha yake yana mambo mawili yasiyokaa pamoja kwa urahisi: ukweli mkubwa alioutoa mbinguni, na uongo mdogo mdogo alioueneza juu ya nafsi yake.

Edwin Powell Hubble alizaliwa tarehe 20 Novemba 1889 katika mji mdogo wa Marshfield, jimbo la Missouri. Baba yake alikuwa mtu wa sheria aliyeshika kazi ya bima, mkali wa nidhamu, na neno lake nyumbani halikuwa na rufaa. Familia ilihamia Wheaton, karibu na Chicago, na huko kijana akakua mrefu, mwenye kifua, hodari wa mbio, wa kuruka na wa mpira wa kikapu. Nyota alizipenda tangu utotoni, lakini baba alitaka mwana wa sheria, na mwana akatii. Alipomaliza Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1910 alipata msaada wa masomo wa Rhodes, akaenda Oxford kusoma sheria.

Alikaa huko miaka mitatu. Baba yake alifariki Januari 1913, na mwaka huo huo Edwin akarudi kwao na mizigo ya ajabu: matamshi ya Kiingereza cha mabwana wa Oxford, kiko, joho na bakora. Matamshi yale hakuyaacha mpaka kufa. Sisi watu wa pwani twawajua vijana wa namna hii, aendaye Ulaya miaka mitatu akarudi hawezi tena kula kwa mkono. Wenzake Wamarekani walimcheka kwa chinichini, naye hakujali.

Hapa ndipo ulipoanza uongo. Miaka ya baadaye Hubble alipenda kusimulia kwamba aliporudi alifanya kazi ya uwakili katika jimbo la Kentucky, kisha akaitupa sheria kwa mapenzi ya nyota. Hadithi hii ilirudiwa vitabuni muda mrefu. Waliochunguza hawakuona alama ya kesi hata moja. Kazi aliyoifanya mwaka ule ilikuwa ya ualimu, katika shule ya sekondari ya New Albany, jimbo la Indiana. Alisomesha Kihispania, fizikia na hesabu, na kuwafundisha vijana mpira wa kikapu. Wanafunzi walimpenda hata wakakitunukia jina lake kitabu chao cha mwaka 1914. Mimi sioni aibu gani iliyokuwamo katika ualimu hata ifichwe chini ya joho la wakili. Lakini yeye aliiona.

Mwaka 1914 alirudi masomoni, safari hii kusoma elimu ya nyota katika kituo cha Yerkes, na mwaka 1917 akapata shahada ya udaktari kwa uchunguzi wa mawingu hafifu ya mbinguni, yale Wazungu waliyoyaita nebula. George Ellery Hale, aliyekuwa akijenga darubini kubwa kupita zote duniani juu ya mlima Wilson huko California, alikwisha kumwahidi kazi. Lakini Marekani ilikuwa imeingia vitani, na Hubble akampelekea taarifa kwamba anakwenda jeshini kwanza. Alipanda hata cheo cha Meja, akavushwa bahari, na vita vikaisha kabla kikosi chake hakijafika mstari wa mbele. Hata hivyo alibaki akiitwa Meja Hubble, na habari za kujeruhiwa kwake vitani, ambazo hazina ushahidi, zikaingia katika hadithi za maisha yake.

Nimeyataja haya mapema ili tuyaweke kando, maana mtu huyu alipopanda mlima Wilson mwaka 1919 alikutana na jambo lisilohitaji kutiwa chumvi.

Darubini ya mlima ule ilikuwa na kioo cha upana wa inchi 100, chenye uzito wa zaidi ya tani 4. Iliwekwa ndani ya kuba kubwa, nalo halikutiwa joto hata usiku wa baridi kali, kwa sababu hewa ya moto hutikisika na kuiharibu picha. Mwangaliaji alikaa gizani saa nyingi, jicho lake kwenye kijidirisha, akiiongoza darubini ili nyota isiteleze, huku bamba la kioo lenye dawa ya picha likikusanya nuru tone kwa tone. Usingizi, baridi na haja za mwili vyote husubiri. Katika kazi hii Hubble hakuwa na majivuno. Alikuwa mvumilivu.

Mabishano ya zama zile yalikuwa haya. Ule mkanda mweupe ukatao mbingu usiku, ambao Waarabu huuita majarra na Wazungu huuita Njia ya Maziwa, ulijulikana kuwa ni mkusanyiko mkubwa wa nyota, na jua letu ni moja miongoni mwake. Je, huo ndio ulimwengu wote? Na yale mawingu yaliyojizungusha kama kombe la konokono, yamo ndani ya mkusanyiko huu, au kila moja ni mkusanyiko mwingine kama wetu, mbali mno? Mwezi wa Aprili 1920 wanavyuoni wawili, Harlow Shapley na Heber Curtis, walikutana Washington kulijadili neno hilo mbele ya wenzao. Shapley alisema mkusanyiko ni mmoja, Curtis alisema ni mingi. Hapakuwa na mshindi, kwa sababu hapakuwa na aliyejua umbali wa mawingu yale.

Kubwa kati ya mawingu hayo ni lile la Andromeda, na hilo si geni kwa waliofungua vitabu vya Kiarabu. Abdulrahman as-Sufi, mtu wa Rayy huko Uajemi, alilitaja katika kitabu chake cha nyota mnamo mwaka 964, akaliweka kama wingu dogo mbele ya mdomo wa Samaki Mkubwa. Hiyo ni habari ya kwanza iliyoandikwa juu yake tuijuayo, zaidi ya miaka 600 kabla ya Mzungu yeyote kulielekezea darubini. Sisi tuliopita chuoni tulihifadhi manazili ya mwezi na majina ya nyota za kuongozea vyombo. Wingu hili halikutajwa, kwa kuwa halimfai nahodha wala mkulima. Lakini lipo. Usiku usio na mbalamwezi, mwezi wa Novemba, kiasi cha saa tatu, mwenye macho mazuri akitazama upande wa kaskazini ataliona kama doa la moshi.

Kulipima doa hilo kulihitaji kipimo, na kipimo kilitoka kwa mwanamke. Henrietta Leavitt alikuwa mmoja wa wanawake walioajiriwa na kituo cha nyota cha Harvard kukagua mabamba ya picha na kufanya hesabu, kwa senti 30 za Kimarekani kwa saa. Masikio yake yalikuwa mazito. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyota zinazong'aa na kufifia, kisha kung'aa tena, kwa zamu isiyobadilika. Mwaka 1912 alitangaza alichokiona katika nyota 25 za namna hiyo, ziitwazo Sifeidi: ile yenye zamu ndefu ndiyo yenye nuru nyingi.

Maana ya jambo hili ataifahamu upesi yeyote aliyewahi kukaa ufukoni usiku akitazama karabai za wavuvi wa dagaa. Ukijua kwamba karabai zote zina nguvu moja, basi ile uionayo hafifu ndiyo iliyo mbali, na ukiwa na hesabu waweza kusema ni mbali kiasi gani. Bibi Leavitt aliupa ulimwengu njia ya kuzijua nguvu za karabai za mbinguni. Alifariki Desemba 1921. Mwaka 1925 mwanahesabu mmoja wa Sweden alimwandikia barua akikusudia kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel, naye alikuwa kaburini mwaka wa nne.

Basi usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Oktoba 1923 Hubble alilipiga picha wingu la Andromeda kwa muda wa dakika 45. Asubuhi, juu ya bamba, aliona vitone vitatu vipya. Alividhania kuwa ni nyota zilizolipuka, akatia alama ya N kwa wino pembeni ya kila kimoja. Kisha akalinganisha na mabamba ya zamani yaliyohifadhiwa, akakuta kitone kimoja kilikuwako zamani, kikapotea, kikarudi. Akaikata ile N, akaandika kifupisho cha neno lenye maana ya kubadilika, na mbele yake akatia alama ya mshangao. Bamba hilo limehifadhiwa. Kwa watu wa elimu hii ni kama hati ya mkono wa mtunzi mkubwa, yenye neno lililofutwa na jingine kuwekwa mahali pake.

Zamu ya nyota ile ilikuwa siku 31. Kwa kipimo cha Leavitt, Hubble alipata umbali wa kiasi cha miaka ya nuru 900,000. Nuru huenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja, na mwaka wa nuru ni mwendo wake wa mwaka mzima. Hata Shapley, aliyeukuza mkusanyiko wetu kuliko wenzake wote, hakuupa zaidi ya miaka ya nuru 300,000. Wingu dogo la as-Sufi lilikuwa nje kabisa. Lilikuwa ulimwengu mwingine wa nyota.

Mwezi wa Februari 1924 Hubble alimwandikia Shapley habari hiyo, na barua haikukosa ladha ya mtu anayemtia mpinzani wake mwiba kwa adabu. Shapley wakati huo alikuwa mkuu wa kituo cha Harvard. Yasemekana alimwonyesha barua msaidizi wake kijana, Cecilia Payne, akamwambia kwamba karatasi ile imeuvunja ulimwengu wake. Mwezi huo huo Hubble alimwoa Grace Burke Leib, mjane, binti wa tajiri wa benki wa Los Angeles. Tarehe 1 Januari 1925 utafiti wake ulisomwa mbele ya mkutano wa wanavyuoni Washington. Yeye mwenyewe hakuwapo, mwingine alimsomea.

Sasa nimlete mtu ambaye kwa maoni yangu hapewi haki yake. Milton Humason alizaliwa 1891 huko Minnesota, akaacha shule akiwa na umri wa kiasi cha miaka 14, akawa mwendesha baghala, yaani nyumbu wa mizigo, waliopandisha mbao na vyuma mlimani wakati kituo kikijengwa. Alimwoa binti wa mhandisi wa kituo. Mwaka 1917 aliajiriwa kufagia na kutunza jengo, na usiku akawa akiwasaidia wenyeji wa darubini, mpaka ikaonekana kwamba mfagiaji huyu ana mkono mtulivu kuliko madaktari. Hale akamtia katika orodha ya watafiti, na palikuwa na waliochukia.

Inasimuliwa kwamba kabla ya Shapley kuondoka mlimani mwaka 1921, Humason alimpelekea bamba la Andromeda alilolitia alama penye nyota alizozidhani kuwa Sifeidi. Shapley alimweleza kwa upole kwa nini haiwezekani, akatoa leso mfukoni, akazifuta alama zile. Ikiwa ilikuwa hivyo, basi leso ile ilifuta jambo kubwa, na mwenye bamba hakuwa na shahada ya kumfanya abishe.

Hubble alimtumia Humason vizuri zaidi. Miaka ya 1920 ilipokaribia kwisha wawili hao waligawana kazi: Hubble atafute umbali wa mikusanyiko ya nyota, ambayo sasa tunaiita galaksi, na Humason atafute mwendo wake. Mwendo hujulikana kwa rangi. Kama sauti ya king'ora cha gari la wagonjwa inavyoshuka gari likikupita na kwenda zake, ndivyo nuru inavyosogea upande wa wekundu chanzo chake kinapokwenda mbali nasi. Humason alihitaji kuifuata galaksi moja hafifu usiku baada ya usiku juu ya bamba lile lile, akilifunga gizani mchana, mpaka michirizi ya rangi itokeze.

Ilipofika 1929 Hubble alichapisha makala ya kurasa 6 tu. Alichukua galaksi 24 ambazo umbali wake ulikadiriwa, akaonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyokimbia kwa kasi. Fikiria mkate wa sinia uliotiwa zabibu kavu. Unga ukiumuka, kila zabibu huziona nyenzake zikienda mbali nayo, na iliyo mbali huonekana kukimbia zaidi, wala hakuna zabibu iliyo katikati ya mambo. Ndiyo sura ya ulimwengu iliyotoka katika kurasa zile. Nimesikia mawaidha yanayoiunganisha habari hii na aya za sura ya Adh-Dhariyat. Sina elimu ya kutoa fatwa, ila najua kwamba wafasiri wa zamani waliisoma aya ile bila ya Hubble na hawakupungukiwa na imani.

Sehemu kubwa ya mwendo uliotumika katika makala ile haikupimwa mlima Wilson. Ilipimwa tangu 1912 na Vesto Slipher, mtu mkimya wa kituo cha Lowell huko Arizona, na Hubble aliitumia bila ya kumtaja kama ilivyostahili. Tena mwaka 1927, miaka miwili kabla, padri wa Ubelgiji aitwaye Georges Lemaître alikwisha kuandika kwa Kifaransa kwamba ulimwengu unatanuka, akakadiria na kiwango chake, katika jarida ambalo wachache walilisoma. Mwaka 1930 Willem de Sitter, mwanafalaki wa Uholanzi, alipoieleza habari ya mwendo na umbali bila kuipa mlima Wilson heshima iliyotakiwa, Hubble alimwandikia kwa ukali kudai kwamba kazi ile ni yao.

Makala ya Lemaître ilipotokea kwa Kiingereza mwaka 1931, zile aya zenye hesabu ya kutanuka hazikuwamo. Watu walimshuku Hubble kwamba mkono wake ulipita hapo. Lazima nimtendee haki: mwaka 2011 ilionekana barua ya padri mwenyewe, ikathibitisha kwamba ni yeye aliyetafsiri na yeye aliyeziacha, akiona hazina faida tena kwa vile hesabu bora zimekwisha kupatikana. Mmoja aling'ang'ania jina, mwingine aliliacha lipite kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Kwa miaka mingi mwenye kung'ang'ania ndiye aliyelipata.

Sifa zilimjia Hubble kwa wingi. Mwanzoni mwa 1931 Einstein mwenyewe alikwenda mlima Wilson, akakubali kwamba ulimwengu wake usiotikisika hausimami tena. Waandishi na wachezaji sinema wa Hollywood walipanda mlima kutazama nyota, na nyumbani kwake San Marino palikuwa na karamu, na paka mmoja aliyepewa jina la Nicolas Copernicus. Lakini juu ya kutanuka kwa ulimwengu Hubble aliandika kwa hadhari mpaka mwisho. Alisema wekundu wa nuru unaonekana kama mwendo, akaacha mlango wazi kwamba pengine una sababu nyingine. Mtu aliyeongeza chumvi katika habari zake hakuthubutu kuongeza hata chembe katika habari za mabamba yake. Hilo ndilo linalonifanya nimheshimu.

Vipimo vyake vilikuwa na kosa. Kwa hesabu yake ulimwengu ungekuwa na umri wa miaka bilioni 2 hivi, ilhali miamba ya ardhi ilionekana kuwa na umri mkubwa zaidi, na mtoto hawezi kumzidi mama. Mwaka 1952 Walter Baade, wa kituo hicho hicho, alieleza kwamba Sifeidi ni za aina mbili na zilichanganywa, na umbali wote ukazidi mara mbili kwa siku moja. Leo Andromeda huhesabiwa kuwa miaka ya nuru milioni 2 na nusu, na umri wa ulimwengu bilioni 13.8.

Wakati wa vita vya pili Hubble aliiacha darubini akaongoza hesabu za mizinga na mabomu huko Aberdeen, Maryland. Aliporudi, cheo cha ukuu wa kituo alichokitumaini kilipewa mwingine. Hata hivyo ni yeye aliyepiga picha ya kwanza kwa darubini mpya ya inchi 200 ya Palomar, Januari 1949. Mwezi wa Julai mwaka huo moyo ulimshika, na tangu hapo alifanya kazi kwa kiasi. Tuzo ya Nobel hakuipata. Siku zile elimu ya nyota haikuhesabiwa kuwa tawi la fizikia. Mapema mwaka 1953 alimwandikia Slipher barua ya heshima, akikubali kwamba hatua za kwanza ndizo kubwa kuliko zote, na kwamba zilikuwa za Slipher. Ilichelewa miaka 24, lakini aliiandika.

Alifariki tarehe 28 Septemba 1953, akiwa na umri wa miaka 63, kwa damu iliyoganda ubongoni. Hapakuwa na mazishi ya hadhara, na mkewe hakusema mwili umewekwa wapi. Mtu aliyetaka kuonekana maisha yake yote hana kaburi la kuonyeshwa.

Mwaka 2018 jumuiya ya kimataifa ya wanafalaki ilipiga kura, ikapendekeza kwamba ile kanuni ya mwendo na umbali iitwe kwa majina mawili, la Hubble na la Lemaître. La Slipher halimo, wala la Bibi Leavitt. Humason alipewa udaktari wa heshima na Chuo Kikuu cha Lund mwaka 1950, akastaafu 1957, akafa 1972. Katika kustaafu kwake, mwaka 1961, aliona juu ya bamba la Palomar nyota yenye mkia ambayo haikuwa katika orodha yoyote. Ilikuwa na nuru kubwa ajabu kwa umbali ilipokuwa, na huchukua maelfu ya miaka kulizunguka jua mara moja. Hiyo huitwa Humason.